Gari la umeme na swali la masafa: ni lini inafaa kulipia betri kubwa zaidi

Magari ya umeme yaliyokwisha kutumika, hasa yale yanayotoka Japani, yanaonekana katika mitaa ya Dar es Salaam, yakitanguliwa na pikipiki na bajaji za umeme. Mnunuzi anayeyaendea hukutana na swali ambalo mwenye gari la petroli hakuwahi kuulizwa: anataka gari linalokwenda kilomita ngapi kabla ya kuchajiwa? Magari mawili ya jina moja na umbo moja yanaweza kupishana bei kwa mamilioni ya shilingi kwa sababu ya betri iliyofichwa chini ya sakafu. Kwa mkazi wa Kata ya Mchikichini, ambaye mara nyingi fedha ya kununulia gari ndiyo hiyo hiyo inayonunua mabelo ya mitumba kwa ajili ya Soko la Karume, tofauti hiyo si jambo dogo.

Mchikichini ni kata ya katikati ya Jiji, kando ya bonde la Mto Msimbazi, kati ya Ilala na Kariakoo. Mkazi wake yupo karibu na kila kitu anachokihitaji kila siku. Kutoka Kariakoo hadi Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere ni takriban kilomita 11. Kimara, uliko mwisho wa njia ya mabasi yaendayo haraka ya awamu ya kwanza, haizidi sana kilomita 15. Mtu anayetoka Mchikichini asubuhi, akapita Kariakoo, akapeleka mzigo Tegeta na kurudi, huwa ametembea kilomita zisizozidi 60 au 70. Mkazi wa namna hii hakai mbali na mahitaji yake, bali hukaa katika foleni. Ndiyo maana maneno ya tangazo la biashara kuhusu masafa marefu yanapaswa kupimwa kwa mizani tofauti na ile inayotumika kwa mtu wa Chalinze.

Namba zilizo kwenye karatasi na namba za barabarani

Mfano mzuri ni Nissan Leaf, kwa kuwa ndilo gari la umeme la Kijapani lililouzwa kwa wingi kwa miaka mingi na ndilo linalopatikana kwa urahisi katika masoko ya magari yaliyotumika. Toleo la kwanza, lililoanza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 2010, lilikuwa na betri ya kilowati-saa 24. Baadaye ikaja ya 30, kisha ya 40 mwaka 2017, na ya 62 mwaka 2019. Kilowati-saa moja ndiyo uniti moja ya LUKU, kwa hiyo msomaji anaweza kuifikiria betri kama tangi linalojazwa kwa uniti.

Umbali unaotangazwa hutegemea nani amepima. Kipimo cha zamani cha Japani kilisema gari la betri ya 40 huenda kilomita 400. Kipimo cha Mamlaka ya Mazingira ya Marekani kwa gari hilo hilo ni kilomita 243. Muuzaji anayesoma karatasi ya Kijapani hasemi uongo, lakini mnunuzi anayeiamini atakwama njiani. Kipimo cha Marekani kipo karibu zaidi na hali halisi: takriban kilomita 135 kwa betri ya 24 ya mwaka 2014 hadi 2015, kilomita 172 kwa betri ya 30, kilomita 243 kwa betri ya 40, na kilomita 364 kwa betri ya 62. Hizo ni namba za gari jipya.

Gari lililotumika miaka minane au kumi halina tena betri ya kiwandani. Ikiwa betri ya 24 imebakiwa na asilimia 75 ya uwezo wake, kilomita 135 hushuka hadi 101. Dereva mwenye busara hasubiri betri ifike sifuri, hivyo akibakiza moja ya tano kama akiba, safari anayoweza kuitegemea ni kilomita 81. Kwa hesabu hiyo hiyo, betri ya 30 iliyobakiwa na asilimia 80 hutoa takriban kilomita 110. Ya 40 yenye asilimia 85 hutoa 165. Na ya 62 yenye asilimia 90 hutoa 262. Namba ya mwisho wa hesabu hii ndiyo inayofaa kulipiwa. Ile iliyoandikwa kwenye kioo cha gari yadini haina kazi.

Foleni, ambayo hulifanya gari la petroli liteketeze mafuta likiwa limesimama, hailiumizi gari la umeme kwa kiasi hicho. Mota ikisimama haitumii kitu, na kila breki inapokanyagwa sehemu ya nguvu hurudi kwenye betri. Kinachoendelea kula ni kiyoyozi. Kikichukua wastani wa kilowati moja, saa mbili za foleni ya Barabara ya Uhuru zitakula uniti mbili, yaani kilomita kama 12 za safari. Dereva wa Mchikichini hana haja ya kuongeza mamilioni kwa ajili ya foleni. Aongeze kilomita 12 katika hesabu yake ya siku, basi.

Akiba haiongezeki kwa ukubwa wa betri

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea. Akiba ya gari la umeme hutokana na kilomita zinazotembewa. Kilomita ambazo gari lina uwezo wa kutembea, lakini halitembei, hazimwingizii mwenyewe chochote.

Chukua mtu anayetembea kilomita 40 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, yaani kilomita 1,040. Gari la kiasi cha Leaf hutumia takriban uniti 16 kwa kilomita 100, na ukiongeza zinazopotea wakati wa kuchaji, mita itasoma karibu uniti 190 kwa mwezi. Kwa mteja wa TANESCO wa kundi la matumizi ya kawaida, T1, ambaye bei yake ni shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, uniti moja humfikia kwa takriban shilingi 356 baada ya kuongeza Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, tozo ya nishati vijijini ya asilimia 3 na ya EWURA ya asilimia 1. Umeme wa mwezi unakuwa kama shilingi 68,000. Gari dogo la petroli linalokwenda kilomita 12 kwa lita katika mitaa ya jiji lingehitaji lita 87. Bei ya petroli hubadilika kila mwezi kwa tangazo la EWURA la Jumatano ya kwanza, lakini kwa hesabu nyepesi ya shilingi 3,000 kwa lita, hiyo ni shilingi 260,000. Tofauti ni takriban shilingi 192,000 kwa mwezi.

Tofauti hiyo ni ile ile, awe na betri ya 24 au ya 62. Tuseme gari la masafa marefu limezidi lile la masafa mafupi kwa shilingi milioni 6. Nyongeza hiyo itameza akiba yote ya miezi 31 bila kumwongezea mwenye gari hata shilingi moja ya nafuu katika safari zake za kila siku. Ikiwa fedha hiyo ni ya mkopo wenye riba, miezi itazidi hapo.

Wapo watakaouliza kuhusu gesi asilia iliyoshindiliwa, CNG, ambayo bajaji na teksi nyingi za jiji zimekwisha kuihamia. Swali hilo ni la haki. Kilo moja ya gesi hufanya kazi ya takriban lita moja na nusu ya petroli, na kwa bei iliyozoeleka ya shilingi 1,550 kwa kilo, mwezi huo huo wa kilomita 1,040 ungegharimu karibu shilingi 90,000. Kwa hiyo mwenye gari la gesi anayefikiria umeme anaokoa kama shilingi 22,000 tu kwa mwezi katika nishati, mbali na muda wa kupanga foleni kwenye kituo. Kwake yeye, kulipia betri kubwa ni jambo gumu zaidi kulitetea.

Mita ya nani, soketi ya nani

Katika nyumba nyingi za Mchikichini wapangaji kadhaa hutumia mita moja ya LUKU na kuchangia. Nyumba yenye matumizi madogo inaweza kuwa katika kundi D1, ambalo hulipa shilingi 100 kwa uniti kwa uniti 75 za kwanza za mwezi na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi, kabla ya kodi. Gari moja la umeme linalochajiwa hapo huivusha nyumba nzima mpaka huo. Uniti 190 za gari zikilipiwa kwa bei ya juu ya D1, gharama hufika kama shilingi 81,000, na wapangaji wengine wanaweza kujikuta wanalipia safari za jirani. Mita ndogo ya ndani inayosoma matumizi ya gari peke yake, ikifungwa na fundi umeme aliyesajiliwa kwa ridhaa ya mwenye nyumba, huzuia ugomvi mwingi. Mwenye gari pia ana sababu ya kuwasiliana na TANESCO ili mita ihamishiwe kundi linalolingana na matumizi mapya.

Soketi ya kawaida ya ukutani ina mipaka yake. Kwa volti 230 na ampea 10, hupitisha kilowati 2.3. Saa kumi za usiku huvuta uniti 23, ambapo takriban 20 huingia kwenye betri na kutosha kilomita 125. Betri ya 24 iliyochoka itakuwa imejaa kabla ya alfajiri. Ya 62 ingehitaji zaidi ya saa 24 mfululizo. Mtu aliyelipia tangi kubwa lakini ana bomba dogo la kulijazia hatalitumia ukubwa wake isipokuwa kwa safari moja moja, akiwa amelichaji kwa siku kadhaa.

Waya wa kupitia dirishani, ukavuka kibaraza na kuunganishwa kwa kiendelezi cha bei nafuu, haufai kabisa. Ampea 10 kwa saa kumi ni mzigo ambao pasi au birika haliuwekei waya, kwa kuwa vyombo hivyo hufanya kazi kwa dakika chache. Wafanyabiashara walioshuhudia Soko la Karume likiteketea Januari 2022, miezi sita baada ya moto wa Soko Kuu la Kariakoo wa Julai 2021, hawahitaji kuelezwa jinsi moto unavyosafiri katika eneo lililobanana. Gari linahitaji laini yake kutoka kwenye paneli, yenye saketi breka na waya wa ardhini. Kebo iliyokuja na gari kutoka Japani nayo ikaguliwe, kwa sababu nchi hiyo hutumia volti 100 na 200.

Je, asiye na soketi kabisa? Magari mengi ya kata hii hulala mtaani au katika maegesho ya kulipia. Kwa mtu huyo hesabu hugeuka. Akitembea kilomita 40 kwa siku, betri ya 24 iliyochoka itamlazimu kutafuta chaji kila baada ya siku mbili. Ya 40 kila baada ya siku nne. Ya 62 takriban mara moja kwa wiki. Saa anazotumia kusubiri gari lichajiwe kwa ndugu wa Segerea au mahali pa kazi ni saa ambazo genge au fremu imefungwa. Inaonekana kinyume cha mazoea, lakini katika Mchikichini anayehitaji betri kubwa zaidi ni yule asiye na mahali pa kuchomeka, hata kama hasafiri mbali. Mwenye soketi yake uani anaweza kuridhika na masafa mafupi.

Na akitaka kwenda Morogoro?

Hofu ya safari ndefu ndiyo huuza betri nyingi kubwa. Bagamoyo kwenda na kurudi ni kama kilomita 130; betri ya 40 iliyo katika hali nzuri inaimudu, ya 24 haiwezi. Morogoro ni takriban kilomita 195 kwa upande mmoja, na mwendo wa barabara kuu hula umeme zaidi ya mwendo wa mjini. Kwa namba zilizotangulia, ni betri ya 62 peke yake inayofika bila kusimama, na ikifika lazima ipate mahali pa kuchajiwa kabla ya kurudi. Dodoma, yenye takriban kilomita 450, haifikiki kwa betri yoyote kati ya hizo bila kuchaji njiani.

Hata hivyo, tangu tarehe 14 Juni 2024 treni ya umeme ya reli ya kisasa, SGR, imekuwa ikisafirisha abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na tangu Julai 25 mwaka huo kufika Dodoma. Nauli ya kawaida iliyotangazwa kwa mtu mzima ilikuwa shilingi 13,000 hadi Morogoro na 31,000 hadi Dodoma. Ile nyongeza ya shilingi milioni 6 ni sawa na safari 230 za kwenda na kurudi Morogoro kwa nauli hiyo. Familia inayosafiri mara nne kwa mwaka haitazimaliza. Ni kweli kwamba treni haibebi mabelo, wala haimfikishi mtu mlangoni kwa bibi kijijini. Lakini kwa siku hizo chache gari linaweza kukodiwa.

Bajaji ni habari nyingine

Yote hayo yanamhusu anayejiendesha mwenyewe. Dereva wa bajaji anayezunguka Kariakoo, Ilala na Buguruni anaweza kutembea kilomita 100 au 120 kwa siku, na kwake kilomita ni riziki. Dar es Salaam ni miongoni mwa miji iliyofanya majaribio ya bajaji za umeme za kuwaunganisha abiria na vituo vya mabasi yaendayo haraka, chini ya mradi wa SOLUTIONSplus uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, kwa hiyo jambo hili si geni jijini.

Bajaji ya umeme huhitaji takriban uniti 6 hadi 8 kwa kilomita 100. Betri inayotoa kilomita 70 itamwacha dereva alasiri, na swali la kuuliza ni saa ngapi hasa. Ikiisha saa saba mchana, wakati abiria ni wachache na jua ni kali, saa mbili au tatu za kuchaji hazimgharimu sana. Ikiisha saa kumi na moja jioni, wakati maduka ya Kariakoo yanafungwa na kila mtu ana mzigo wa kupeleka nyumbani, amepoteza sehemu nono ya siku, na hesabu ya bosi inamsubiri vile vile. Kwa dereva wa mkataba, ambaye kila siku isiyofikia lengo husogeza mbele siku ya kumiliki chombo, kilomita za ziada zinaweza kujilipa ndani ya muda mfupi. Anaweza kulipima hilo kabla ya kununua: aandike kwa wiki mbili kilomita za kila siku na saa za abiria wengi, kisha aone ni mapato kiasi gani yako nje ya uwezo wa betri ndogo.

Aina ya betri hapa ni muhimu kuliko ukubwa. Betri ya risasi na asidi ni rahisi kununua, lakini ikitumiwa zaidi ya nusu kila siku huchoka baada ya mizunguko mia chache, yaani mwaka mmoja au pungufu kwa bajaji ya kazi. Betri ya lithiamu ya aina ya fosfeti ya chuma huvumilia mizunguko zaidi ya elfu mbili. Bajaji ya masafa marefu yenye betri ya risasi ni ghali hata kama bei yake ni ndogo.

Kigali walichukua njia tofauti. Kampuni ya Ampersand, iliyoanza huduma huko mwaka 2019, humpa dereva wa pikipiki betri iliyojaa na kuchukua iliyoisha kwa dakika chache. Dereva hailipii betri kama mali yake. Nchini Kenya, mamlaka ya nishati ilitenga mwaka 2023 bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo vya usafiri, nusu ya bei hiyo ikitozwa saa za matumizi madogo. Katika mipango ya namna hiyo swali la masafa hupungua uzito.

Joto, maji na kipimo cha kabla ya kulipa

Betri ya Leaf haina mfumo wa kuipoza kwa maji wala kiyoyozi. Hupozwa na hewa tu. Mwaka 2012 wamiliki wa Arizona, jimbo lenye joto kali nchini Marekani, walilalamika kuwa betri zao zimepungua haraka, na Nissan ikalazimika kuongeza udhamini wa uwezo wa betri. Dar es Salaam haina joto la jangwani, lakini haina pia majira ya baridi ya kuipumzisha betri. Gari la masafa marefu hupata nafuu hapa: likitembea umbali ule ule, mizunguko ya kuchaji ni michache na betri huchakaa polepole. Hii ni sababu ya haki ya kuongeza fedha kwa anayekusudia kukaa na gari miaka saba au nane. Kwa anayetaka kuliuza baada ya miwili, haina uzito mkubwa.

Tundu la kuchajia nalo huamua kama masafa marefu yatatumika. Leaf za Japani hutumia kiwango cha CHAdeMO kwa chaji ya haraka. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la China hutumia GB/T, na ya Ulaya CCS2. Mnunuzi ahakikishe kwanza chaja atakayoitegemea jijini inaingia katika tundu la gari lake.

Mchikichini ni jirani wa Jangwani, na kila msimu wa mvua Msimbazi hukumbusha ulipo. Betri hufungwa kwa namna ya kuzuia maji, lakini gari lililolala ndani ya mafuriko si la kununua kwa bei yoyote, wala si la kuwashwa kabla ya kukaguliwa na fundi anayejua umeme wa volti kubwa. Anayeegesha kando ya bonde atafute mahali pa juu.

Kabla ya kulipa, afya ya betri hupimika. Dashibodi ya Leaf ina vistari 12 vya uwezo. Kinapotoweka cha kwanza, takriban asilimia 15 imekwisha kupotea, na kila kinachofuata huchukua kama asilimia 6. Kwa kuwa vistari vinaweza kurudishwa kwa muda na muuzaji asiye mwaminifu, kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na programu ya simu iitwayo LeafSpy husoma asilimia kamili kutoka kwenye betri yenyewe. Kwa gari linaloagizwa moja kwa moja, muuzaji aombwe picha ya kipimo hicho yenye namba ya chasisi, kisha kodi ikadiriwe kwenye kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato Tanzania cha magari yaliyotumika kabla ya kutuma fedha. Betri ya 30 yenye asilimia 90 hutoa karibu kilomita 124 za kutegemewa, na ya 40 iliyobakiwa na asilimia 65 hutoa 126. Wakiwa yadini, muuzaji atazitoza bei mbili tofauti.